Pembe Mmeichukua, Kilio Mmekiacha

Saa nane usiku. Kesha limenoga, na mtumishi amepanda jukwaani na pembe ya mnyama iliyopinda, ndefu kuliko mkono wangu. Begani ametupia kitambaa cheupe chenye mistari ya buluu na nyuzi zinazoning'inia pembeni. Anapuliza mara tatu. Spika zinakoroma, mtoto wa watu anaamka akilia. Kisha anatuambia kwamba hiyo ndiyo sauti iliyoangusha kuta za Yeriko, ndiyo itakayowaangusha maadui zetu, na kwamba kabla ya Jumapili kuna mtu humu ndani atakabidhiwa funguo za gari. Watu wanapiga kelele. Namba ya M-Pesa inatokea kwenye skrini.

Mama yangu ameketi kando yangu, amejifunika shuka. Yeye hakuja kutafuta gari. Alikuwa na saratani ya umio, ile ambayo kwetu Eldoret watu wanaitaja kwa kushusha sauti, na kufikia mwezi huo maji alikuwa anayanywa kwa kijiko. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Baada ya ibada akanishika mkono, tukamngoja mtumishi kando ya jukwaa.

"Mtumishi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebaki nusu, "siku hizi nikiomba naona kama Mungu amehama. Namtaka sana, lakini simpati."

Jibu nalikumbuka neno kwa neno. "Mama, kuna mlango umefungua. Mtu aliye karibu na Mungu hawezi kusikia hivyo." Akampangia siku saba za kufunga. Mwanamke anayekunywa maji kwa kijiko, bana. Siku saba.

Mama aliishi miezi mitatu baada ya hapo. Huo ulikuwa mwaka wa 2023. Kitu nilichokiona katika miezi hiyo ndicho kinachonifanya niandike: alianza kuomba kwa kujificha. Nikiingia chumbani ananyamaza, anajifanya anatafuta dawa. Alikuwa anaona aibu. Alishaambiwa kwamba ile hamu yake, ile ya kumtaka Mungu na kumkosa, ni kosa alilolifanya yeye, na alikuwa analificha kosa hilo kwa mwanawe.

Kwa hivyo usitafute mizani kwenye makala haya. Nina hasira, na nitaitumia. Ninachodai ni hiki: tumechukua kwa Wayahudi pembe, tumechukua kitambaa, tumechukua bendera tukaibandika hadi kwenye kioo cha matatu, lakini kile kitu chao ambacho kingemfaa mama yangu usiku ule, yaani karne na karne za kufikiri juu ya nafsi inayomtamani Mungu na isimshike, hicho tumekiacha kimelala. (Siasa ya ile nchi ni mjadala mwingine na sitaki uingie hapa. Nitasema tu kwamba uwanda wa Uasin Gishu, kwetu hasa, ndio ule Waingereza waliotaka kuwapa Wayahudi mwaka 1903 bila kumuuliza mwenyeji hata mmoja, na mkutano wa Wazayuni ukakataa mwaka 1905. Hamu haikubali kupewa kiwanja kingine.)

Nianze na pembe.

Kwa Kiebrania inaitwa shofari. Torati inaamuru kwamba siku ya kwanza ya mwezi wa saba iwe siku ya sauti inayoitwa terua, lakini haielezi hiyo terua inasikikaje. Karne nyingi baadaye marabi walikaa wakajiuliza, na mjadala wao umo ndani ya Talmudi, kwenye kitabu kidogo cha Mwaka Mpya. Walichofanya ni kuangalia neno hilo lilivyotafsiriwa kwa Kiaramu. Wakakuta limetafsiriwa kwa neno la kulia. Na mzizi wa neno hilo la kulia uko sehemu moja kwenye kitabu cha Waamuzi, sura ya 5. Anayelia pale ni mama yake Sisera.

Kama umesahau, Sisera ndiye jemadari aliyewatesa Waisraeli kwa magari ya chuma. Adui kamili. Alikimbilia hema la Yaeli akapigiliwa kigingi cha kichwa. Nyumbani kwao mama yake yuko dirishani, anachungulia barabara, anajiuliza mbona gari la mwanawe limechelewa. Mtoto ameshakufa na yeye hajui. Sauti aliyoitoa yule mama pale dirishani ndiyo marabi walioifanya kipimo cha pembe takatifu. Walibishana tu kama alilia kwa kuguna kama mgonjwa au kwa kwikwi fupifupi, na Rabi Abahu wa Kaisaria akaamua zipulizwe zote mbili, ili wasikose. Mpaka leo, kwenye Mwaka Mpya wa Kiyahudi, utasikia milio mitatu iliyovunjika, halafu tisa ya kukatika katika. Hata ile sinagogi ya hapa Nairobi, pale kona ya University Way ambapo sisi tunapita tukiwa tumebanwa kwenye matatu, sauti ni ileile.

Mama wa adui, jamani. Hawakumchukua mama wa shujaa wao. Walipotafuta sauti ya nafsi inayomwita Mungu, hawakuona nyingine iliyo safi kuliko ya mama anayengoja mtu asiyekuja.

Yeriko iko kwenye Biblia, sikatai, na pembe zilipulizwa pale. Lakini angalia tulichochagua. Kwenye urithi wenye kuta zinazoanguka na mama anayelia dirishani, sisi tulibeba kuta peke yake. Halafu mama mwenye kilio alipokuja akasimama mbele ya mtu mwenye pembe mkononi, yule mtu hakumtambua.

Sasa sikiza kitu kingine, hiki kiko mdomoni mwako kila siku. Kiswahili kilichukua maneno mengi ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa damu. Neno karibu, lile unalosema mlangoni ukimvutia mgeni stuli, mzizi wake ni uleule wa neno la Kiebrania karov, aliye karibu. Na sadaka iliyopelekwa hekaluni Yerusalemu iliitwa korban, kutoka mzizi huohuo. Yaani kitu cha kukaribia. Hapo hakuna habari ya mbegu ya kupanda ili uvune mara mia. Ni mtu amebeba mwana-kondoo au, kama ni maskini, njiwa wawili, anapiga hodi.

Roho yetu ni ruakh yao. Nafsi yetu ni nefesh yao. Na hii nefesh ndiyo iliyonimaliza. Katika Kiebrania cha kale neno hilo halikuanza kama kitu cha hewani kinachoelea ndani ya kifua. Lilitaja pia koo. Yona akiwa baharini anaposema maji yamemfika nefesh, anasema yamemfika kooni, anazama. Rudi sasa kwenye Zaburi ya 42, ile ya ayala na vijito, na ya 63, ile ya nchi kavu. Nafsi yenye kiu ni koo lililokauka. Huyo mshairi anasema kumkosa Mungu kunauma pale pale panapopita maji.

Mama alikuwa na koo lililofungwa na alikuwa anasema ana kiu ya Mungu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kusali Zaburi ya 42 kwa Kiebrania sahihi kuliko yeye, na hakujua neno moja la Kiebrania.

Mambo haya niliyapata kwa kuokota. Mwaka mmoja baada ya mazishi nilikuwa natembea mjini, kwenye wale wauza vitabu wa kutandaza chini, nikaona kitabu cha Abraham Joshua Heschel, God in Search of Man, cha mwaka 1955. Jalada limechanika. Nilikinunua kwa ajili ya kichwa chake tu, kwa sababu kilikuwa kimepinduliwa: Mungu ndiye anayemtafuta mtu. Mimi nilikuwa nimelelewa nikijua sisi ndio tunaotafuta na tukikosa ni shauri yetu. Heschel alizaliwa Warsaw mwaka 1907, akakimbia Wanazi, na mwaka 1965 akaandamana kule Selma, Alabama, pamoja na Martin Luther King. Hakuona kuandamana na kuomba kama vitu viwili. Kutoka kwake nikashuka nyuma, mwalimu baada ya mwalimu, kama mtu anayefuata bomba la maji kutafuta linapovuja.

Nikamkuta Musa bin Maimon, yaani Maimonides, mzaliwa wa Córdoba mwaka 1138, aliyefia Misri mwaka 1204. Daktari, mwanasheria, mtu wa akili kavu kabisa asiyependa mambo ya kelele. Ndani ya sheria zake za toba anauliza mtu ampende Mungu kwa kiasi gani, na mtu huyu mkavu anajibu kwa mfano wa mgonjwa wa mapenzi. Ni kama mwanaume aliyeshikwa na mwanamke mmoja akilini: akikaa anamwaza, akisimama anamwaza, akila anamwaza. Halafu anasema Wimbo Ulio Bora wote ni mfano wa jambo hilo.

Wimbo Ulio Bora! Kitabu ambacho kwetu kanisani kilisomwa kwa harusi tu, na hapo ni mistari miwili iliyochaguliwa kwa tahadhari. Rabi Akiva, karne ya pili, alisema vitabu vyote vya Maandiko ni vitakatifu lakini hiki ni patakatifu pa patakatifu. Nenda usome sura ya 5 ukiwa na sikio hilo. Mwanamke amelala, moyo wake uko macho. Mpenzi anabisha usiku. Mwanamke anajivuta, ameshavua nguo, ameshaosha miguu. Anapofungua mlango, mtu ameondoka. Anatoka nje kumtafuta. Anamwita, haitikiwi.

Na hapa ndipo penyewe. Wanaomkuta barabarani ni walinzi wa mji. Wale waliowekwa kulinda. Wanampiga, wanamjeruhi, wanamnyang'anya shela yake.

Nilisoma hapo nikafunga kitabu nikatoka nje ya keja kupunga hewa. Kwa sababu mimi nilikuwepo. Niliwaona walinzi wakimpiga mwanamke aliyetoka usiku kumtafuta mpenzi wake aliyenyamaza, na walimpiga kwa hoja kwamba angekuwa anapendwa kweli asingekuwa nje. Siku saba za kufunga. Na yule mwanamke wa Wimbo, akiwa na majeraha, anawaambia wasichana wa Yerusalemu kwamba wakimwona mpenzi wamwambie yeye anaugua kwa mapenzi. Anasema wazi mbele za watu. Mathe hakupewa hata hiyo nafasi.

Kosa la walinzi ni la kimafundisho kabla halijawa la tabia, na hapo ndipo nataka kuwabana. Wanaamini kuwa ukaribu na hamu ni vitu vinavyofukuzana: ukimpata Mungu hamu inaisha, kwa hivyo mwenye hamu hajampata. Ni hesabu ya duka. Ukishalipia unga unaenda na unga.

Shneur Zalman wa Liadi, rabi wa Kihasidi, alichapisha mwaka 1796 kitabu kinachoitwa Tanya. Humo anachukua ule usemi wa Mithali kwamba roho ya mtu ni taa ya Bwana, na anaufuata hadi kwenye utambi. Umewahi kukaa na mshumaa stima zikipotea? Mwali hautulii. Daima unavuta kwenda juu, kana kwamba unataka kujing'oa kwenye utambi urudi kwenye asili ya moto. Na ungefaulu ungezimika, usingebaki mwanga hata kidogo chini. Unavuta hata hivyo, kwa sababu ndivyo moto ulivyo. Nafsi iko hivyo, anasema. Kwa hivyo mtetemeko si dalili ya hitilafu. Mshumaa usiotetemeka ni ule ambao haujawashwa, ama ule wa plastiki wenye betri, wa kuweka mezani hotelini.

Wahasidi wana maneno mawili kwa hili, ratso na shov, kukimbia na kurudi, kutoka kwa wale viumbe hai Ezekieli aliowaona wakienda mbio na kurudi. Nafsi inakimbilia juu, halafu inarudi kwenye mwili, kwenye kodi ya nyumba na vyombo vichafu, halafu inakimbia tena. Hakuna mahali pameandikwa kwamba siku moja itafika ikae kwenye sofa. Sasa ukimwambia mtu aliye kwenye shov, aliye kwenye kurudi, kwamba amelaaniwa, umemkata mguu mmoja kati ya miwili anayotembelea.

Nawasikia wenzangu mlioacha kanisa. Mnacheka polepole. "Si uache tu, msee. Hiyo hamu ni kemikali za ubongo, ni upweke, ni utoto. Pata mtaalamu, pata mazoezi." Wengine wenu ni marafiki zangu na tumekula pamoja, kwa hivyo nitasema bila kuzunguka: ninyi na yule mtumishi mna hoja moja. Nyote mnaona hamu ya Mungu ni ugonjwa unaotafuta dawa. Yeye anauza mafuta, ninyi mnapendekeza mbio za asubuhi. Mama yangu hakuwa mpweke, nyumba ilijaa watu hadi tukakosa viti. Dawa ya maumivu alikuwa nayo. Alikuwa anamtaka Mungu, na alijua tofauti ya kutaka huko na maumivu ya koo, kwa sababu alikuwa navyo vyote viwili kwa wakati mmoja. Mwenye hamu ndiye anayejua ana hamu ya nini. Kama hamwamini kwamba Mungu yupo, sawa, hiyo ni kauli ya heshima. Lakini msimwambie mtu mwenye kiu kwamba kiu yake ni ya soda.

Na kuna mwenzangu mwingine, yule wa ibada za kisasa za taa za zambarau, wa kuinua mikono na kufumba macho dakika arobaini kwa wimbo mmoja. Huyu ataniambia: "Basi tuko pamoja! Sisi ndio watu wa hamu." Polepole. Wayahudi wamekuwa na karne nyingi za kuogopa hilo pia, na wana sababu.

Haruni alikuwa na wana wawili, Nadabu na Abihu, waliosogea mbele za Bwana na moto usioamriwa, na moto ukawala. Chaim ibn Attar, mzaliwa wa Salé, Moroko, mwaka 1696, aliwatazama kwa huruma isiyo ya kawaida: alisema walisogea kwa upendo, wakaonja utamu wa kukaribia, wakasikia roho zikiwatoka na hawakurudi nyuma. Walifanya ratso bila shov. Talmudi nayo inasimulia wanne walioingia bustanini, kwenye siri za juu. Ben Azai alitazama akafa. Ben Zoma alitazama akaharibikiwa na akili. Elisha ben Abuya akaikata miche, yaani akaiacha imani. Akiva peke yake aliingia salama akatoka salama. Akiva yuleyule aliyeutetea Wimbo. Ndiye aliyejua kutoka.

Halafu wao kwa wao hawapatani, usidhani ni kwaya. Mwaka 1772 viongozi wa Vilna, chini ya kivuli cha yule Gaon wao mkuu, waliwapiga marufuku Wahasidi. Waliona msisimko wao wa maombi unawaondoa kwenye kusoma Torati. Karne yetu iliyopita Yeshayahu Leibowitz, mwanasayansi na mwanafalsafa wa Yerusalemu, alisema waziwazi kwamba sala ni wajibu, haiko pale kukutuliza wala kukupandisha hisia. Ukisikia kitu usikisikie, simama uswali. Nilikuwa nikimchukia Leibowitz nilipoanza kumsoma. Siku hizi kuna asubuhi ambazo ni yeye tu anayenisaidia, kwa sababu mtu asiyesikia kitu chochote anaruhusiwa kwake kuwa mtu wa Mungu kamili.

Swali la jinsi ya kukaribia liliulizwa mapema sana. Torati inaamuru watu waambatane na Mungu, na neno lake, davak, ndilo lile la mume kuambatana na mkewe; gundi ya duka la vitabu kule Israeli leo inaitwa devek. Talmudi ikashtuka: mtu ataambatanaje na moto ulao? Jibu moja, naona la kujipendelea kidogo, ni kwamba ambatana na wanafunzi wa Torati, waoze binti zako. Marabi wanawapigia debe marabi. Lakini Rabi Hama bin Hanina aliposumbuliwa na swali la aina hiyohiyo, jinsi gani mtu amfuate Mungu, alijibu kwa kuorodhesha kazi za mikono za Mungu mwenyewe kwenye Torati. Aliwavika Adamu na Hawa nguo. Alimtembelea Ibrahimu akiwa mgonjwa. Alimfariji Isaka msibani. Alimzika Musa. Fuata hapo, anasema.

Mungu aliyekaa na mgonjwa, Mungu mchimba kaburi. Hebu pima ibada ya taa za zambarau kwa kipimo hicho. Kanisa la wimbo wa dakika arobaini lilimtumia mama ujumbe mmoja wa sauti katika miezi mitatu. Aliyekuja kila siku ni jirani yetu wa ploti, mama wa kuuza chipsi pale steji, ambaye sijawahi kumwona akienda kanisani. Alikuwa anamwambia mama, "Mama Baraka, leo nimekuchujia uji mara mbili, umepita kama maji." Alifua shuka. Alimpaka mafuta miguuni bila kutangaza ni ya kutoka Yerusalemu. Na mama, ambaye kwangu alikuwa anaficha maombi, kwa huyu hakuficha. Niliwasikia jioni moja nikiwa mlangoni. Mama alikuwa anamwambia kuwa Mungu amenyamaza. Jirani hakusema kuna mlango umefunguliwa. Alisema, "Ata mimi nikiwa wewe ningelia," na wakalia wote wawili, na sufuria ikaungua.

Kuna rabi mmoja ambaye ningependa angekaa kwenye hicho chumba. Kalonymus Kalman Shapira, wa Piaseczno. Septemba 1939 mabomu ya Wajerumani yalimuulia mwanawe wa pekee Warsaw. Akabaki na watu wake, na ndani ya geto, kati ya mwaka 1939 na 1942, akaendelea kuhubiri siku za Sabato na sikukuu, akiandika mahubiri kwa mkono. Karatasi zilizikwa ardhini, zikapatikana mwaka 1950. Yeye mwenyewe aliuawa mwaka 1943. Katika mahubiri ya mwaka 1942 anashika simulizi moja ya Talmudi, kwamba Mungu ana chumba cha siri anamolilia. Watu waliokuwa wamemkosa Mungu kabisa, anawaambia, wanaweza kuingia humo na kulia pamoja naye. Kimya ni cha nje ya mlango. Hakuwaahidi gari. Hakuwaambia geto ni kwa sababu kuna mlango waliufungua, na kama kungekuwa na mahali pa kusema hivyo kwa urahisi, ni pale.

Hiyo ndiyo sentensi mama alistahili kupewa saa nane usiku, na aliyekuwa na pembe hakuwa nayo.

Nachman wa Bratslav, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1810 akiwa na miaka 38, alisimulia mwaka huohuo hadithi ya ombaomba saba. Mmoja wao, mwenye kigugumizi, anaeleza hivi. Upande mmoja wa dunia kuna mlima, juu yake jiwe, na kwenye jiwe chemchemi. Upande wa pili umesimama Moyo wa dunia, una uso na mikono na miguu, na kazi yake ni kuitamani ile chemchemi. Jua linauchoma. Ukichoka sana, ndege mkubwa anautandazia mabawa, na hata ukiwa kivulini macho yako kule. Mbona usiende? Kwa sababu ukisogea mlimani, mteremko utakificha kilele, na Moyo usipoiona chemchemi hata dakika moja utakufa, na dunia yote nao. Basi unasimama unatamani. Chemchemi nayo haina wakati wake mwenyewe. Ina siku moja tu, ile inayopewa na Moyo. Siku ikielekea kuisha wanaanza kuagana kwa nyimbo, na hapo ingekuwa mwisho wa kila kitu, ila kuna anayetoa siku nyingine. Na hiyo siku inatengenezwa kwa matendo ya wema ambayo yule mwenye kigugumizi huzunguka dunia kuyaokota.

Mama alipata siku tisini na kitu baada ya lile kesha. Najua zilizotengenezwa kwa uji.

Nachman aliwafundisha pia watu wake watoke kila siku peke yao, shambani ikiwezekana, waongee na Mungu kwa lugha ya nyumbani. Kwao ilikuwa Kiyidi, lugha ya sokoni. Na siku mdomo ukifunga, umwambie hata hilo, kwamba umefunga, au urudie neno moja tu mpaka kuche. Mimi sina shamba. Natembea kando ya reli, jioni, na naongea Kiswahili cha kwetu chenye Sheng na Kikalenjin cha mama. Watu wanadhani niko kwenye simu.

Bango limebandikwa tena kwenye nguzo ya stima pale steji. Kesha ni Ijumaa, mtumishi ni yuleyule, na pichani ana ile pembe. Nitaenda. Nimeshamwambia yule jirani, na amesema atafunga chipsi mapema tuende wote. Tutakaa nyuma karibu na mlango. Akimaliza nitamngoja kando ya jukwaa, pale pale tulipomngoja na mama, nimuulize kama anajua sauti ile ni ya nani.